Kovu la mdomo: kisu ni cha siku moja, matunzo ni ya mwaka mzima

Kila mara neno « réparation » linapotoka kwa redio mu Bunia, watu wanawaza franga, mabati, ng'ombe, ao mnara wa ukumbusho. Wachache sana wanawaza mdomo. Lakini mu Ituri yetu, na kwa jirani zetu wa Haut-Uélé, kuna watu ambao vita imebaki kwa uso wao, hapo hapo kwa mdomo. Kila siku wanajiuliza swali moja: nikubali kupasuliwa tena ao nibaki hivi? Na nikikubali, hilo kovu jipya nani atalitunza, na nani atalipa?

Swali hilo si la waganga peke yao. Ni swali la siasa, juu sheria imekwisha kupitishwa, mifuko imekwisha kuundwa, na sehemu ya pesa inatoka kwa madini. Sisi wa sendika ya migodi tuko na haki ya kulisema, tena kwa sauti.

Mdomo mu vita vyetu

Tukumbuke mambo yalivyoenda. Mwisho wa mwaka 2009, karibu na Bangadi na Ngilima, mu Haut-Uélé, wapiganaji wa LRA ya Joseph Kony waliwakamata raia 6, wakawakata midomo na kila mmoja sikio moja, kwa wembe, kisha wakawarudisha vijijini. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari hiyo mu ripoti yake ya Machi 2010, ile ile iliyoeleza mauaji ya Makombo ya Desemba 2009, ambako watu zaidi ya 300 waliuawa. Mambo hayo LRA walikuwa wameshayafanya mbele kwa ndugu zetu Waacholi wa Uganda ya kaskazini. Maana yake kila mtu aliielewa: aliyeona asiseme.

Kwetu Ituri, panga ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Tangu vita ya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017 na wanamgambo wa CODECO mu Djugu, watu wamekatwa mu vijiji, mu mashimo ya dhahabu na mu kambi za wakimbizi. Plaine Savo, Februari 2022. Lala, Juni 2023. Panga ikishuka kwa kichwa, mtu anageuza uso, na hapo shavu, taya na mdomo vinapata. Kati ya waliopona, wengi walifikishwa Bunia, hawa kwa hospitali jenerali, wale kwa kliniki Salama inayosaidiwa na Médecins Sans Frontières. Kidonda kilifungwa, maisha yakaokolewa, na tunashukuru. Lakini kidonda kilichofungwa haraka usiku wa mauaji si sawa na uso uliorudi.

Kundi la tatu halihesabiwi kuwa la vita: ni creuseurs wetu. Mu Mongbwalu, mu Kilo, mu Nizi, mu Mambasa, kamba inakatika, jiwe linaruka, mpini wa masini ya maji unarudi na nguvu, na mdomo unapasuka mara mbili. Kijana anashonwa na mtu wa dispensaire iliyo karibu na shimo, kwa uzi uliopatikana, kwa mwanga wa simu. Kesho yake anarudi shimoni.

Kundi la nne ni vijana, wengi wao wasichana, wanaoona kwa simu picha za midomo iliyoinuliwa na waganga wa Istanbul ao wa Nairobi, na wanatamani. Wakubwa wanawacheka. Mimi naomba tusiwacheke, juu swali lao na swali la mama aliyekatwa na panga linakutana mahali pamoja: kovu.

Kisu kinaweza nini, na hakiwezi nini

Tuanze na upasuaji wa urembo, juu ndio mwepesi kuueleza. Munganga anakata kipande chembamba cha ngozi chini ya pua, milimita chache tu, kisha anavuta mdomo wa juu kuelekea juu na kushona. Mdomo unaonekana mnene zaidi, meno ya mbele yanaonekana kidogo. Inachukua saa moja hivi. Lakini mambo mawili lazima yajulikane. Moja: ngozi iliyokatwa hairudi. Kama munganga amezidisha, midomo haitafunga vizuri tena, na hakuna dawa ya kuirudisha sawa ilivyokuwa. Mbili: kovu linakaa chini ya pua, mbele ya macho ya kila mtu, halina nguo ya kulifunika. Mtu ambaye mdomo wake ni mzima, anayekula na kusema vizuri, anaweka mambo hayo mawili kwa mizani moja na hamu yake. Kama mu jamaa yao kuna keloidi, mizani inaegemea upande wa kuacha. Hilo ndilo shauri langu, wala halimkatazi mtu.

Kwa aliyekatwa, mizani ni ingine. Huyu hatafuti uzuri kwanza. Mate yanashuka usiku na mchana. Supu inamwagika. Na maneno yanakataa: herufi b, p na m zinatengenezwa kwa kufunga midomo. Asiye na mdomo hawezi kusema vizuri baba, hawezi kusema mama, hawezi kutamka hata Bunia. Mtoto mdogo anakimbia akiona meno yamebaki wazi. Kanisani mtu anakaa nyuma na kitambaa kwa mdomo. Upasuaji hapa unarudisha kazi ya mwili, na haki ya kuongea na watu.

Munganga anapima kwanza kiasi gani kimepotea. Kama ni chini ya theluthi moja ya mdomo, mara nyingi anaweza kuvuta pande mbili na kuzishona pamoja. Kama ni zaidi, anakopa nyama. Kuna njia inayoitwa kwa jina la Robert Abbe, munganga wa New York aliyeieleza mwaka 1898: kipande cha mdomo wa chini kinageuzwa na kushonwa juu, lakini kinabaki kimeshikamana na mshipa wake ili damu ipite. Hivyo midomo miwili inakaa imeunganishwa katikati kwa majuma mawili ao matatu, kisha kisu cha pili kinaikata. Mu siku hizo zote mgonjwa anakunywa uji kwa mrija, anasema kidogo sana. Mtu lazima aambiwe hilo mbele, kwa luga anayoielewa, Kilendu, Kihema, Kialuri, Kizande ao Kiswahili chetu. Mama aliyefungwa mdomo na watu wa Kony, tena anaamka mu hospitali na kukuta mdomo umeshonwa bila kujua sababu, huyo tumemuumiza mara ya pili.

Jambo lingine la kuambiwa mbele: kisu hakifuti kovu. Kinabadilisha kovu kwa kovu lingine. Munganga mzuri anaweza kufanya lile jipya kuwa jembamba, lipite mahali pa mkunjo, lipange sawa mstari unaotenga ngozi na wekundu wa mdomo. Mstari huo ukikosa kwa milimita moja tu, jicho linaona. Lakini kurudisha uso wa kabla ya panga, hapana. Anayeahidi hivyo anatafuta franga.

Kovu linakomaa polepole

Watu wengi wanafikiri nyuzi zikitoka mambo yamekwisha. Kwa uso nyuzi zinatoka mapema, kati ya siku ya 5 na ya 7. Kovu lenyewe linaanza tu hapo. Mu miezi ya kwanza linakuwa gumu, linawasha, linapanda juu, rangi inakuwa nyekundu ao nyeusi sana. Kisha polepole linalala. Inachukua karibu mwaka mmoja, wengine mwaka na nusu. Ndiyo sababu waganga wengi wanakataa kurekebisha kovu ambalo halijafika miezi 6, na wengi wanataka 12. Ukiona munganga anasema sawa kesho, muulize kwa nini haraka.

Kuna makovu mawili ya kutofautisha. Moja linapanda lakini linabaki mu mipaka ya kidonda. Hilo mara nyingi linashuka na wakati. Lingine, keloidi, linatoka mu mipaka, linaingia mu ngozi nzima, na haliachi kukua. Sisi watu wa ngozi nyeusi tunalipata zaidi, sanasana vijana, na linafuata jamaa. Linapenda sikio, taya, kifua na bega. Kwa mdomo wenyewe ni nadra zaidi, lakini panga haikati mdomo peke yake. Inafika kwa shavu na taya. Kosa kubwa ni kulikata keloidi kwa kisu bila matibabu mengine. Mara nyingi linarudi, na likirudi linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Dawa inayotumika sana ni sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, inayorudiwa kila baada ya majuma 4 mpaka 6, kwa miezi. Si sindano moja.

Mambo ya kila siku ni mepesi, lakini yanataka uvumilivu. Kidonda kikiwa bado kibichi: maji safi yaliyochemshwa na sabuni, chanjo ya pepopunda, na kufika kwa munganga siku ile ile. Usiweke unga wa betri, majivu, petroli wala dawa ya meno. Kidonda kikisha kufunga, majuma mawili ao matatu baadaye, unakanda kovu kwa kidole na mafuta, dakika chache, mara mbili ao tatu kwa siku. Karatasi laini ya silikoni, kama inapatikana, inakaa juu ya kovu saa 12 ao zaidi kwa siku, kwa miezi miwili, mitatu ao zaidi. Jua linatia kovu weusi; basi kofia, na kivuli. Tumbaku inachelewesha kupona. Pomade za kung'arisha ngozi, zile zinazouzwa sokoni bila mtu kujua mu chupa kuna nini, zisiguse kovu. Na kwa mdomo kuna zoezi: kufungua kinywa kwa upana, kupuliza, kurudia ba-pa-ma kila siku, juu kovu linajivuta, na mdomo unaweza kubaki mdogo kiasi kijiko hakiingii.

Sasa tuangalie vile msaada unavyokuja kwetu. Munganga wa kurekebisha sura anafika kwa misioni, juma moja ao mawili, anapasua watu wengi, anapigwa picha, anapanda ndege. Kazi yake ni nzuri. Lakini mwezi wa tatu, kovu likianza kupanda, nani yuko? Sindano ya nne, nani anaidunga? Mama wa Djugu anayelala kwa bâche mu kambi, kivuli na silikoni atavipata wapi? Msaada unahesabu operesheni. Mgonjwa anahesabu miezi.

Karatasi mbele ya kisu

Kuna jambo moja ambalo wahanga wengi hawaambiwi. Kovu ni ushahidi. Ukienda kujiandikisha kama muhanga, ao siku moja ukiitwa mbele ya tribinali, uso wako unasema yaliyotokea. Ukilitengeneza kovu bila karatasi, unaweza kukosa haki yako juu umetibiwa vizuri. Si sababu ya kukataa upasuaji. Ni sababu ya kutengeneza dosie mbele: cheti cha munganga chenye tarehe, kinachoeleza urefu wa kovu, mahali lilipo, na kazi gani ya mwili imepotea, picha mbele na pembeni, na nakala moja ambayo haikai hospitalini peke yake. Kambi inachomwa, nyumba inachomwa, basi nakala ingine iwekwe kwa parokia ao kwa mtu wa kuaminika wa jamaa.

Na picha ni za dosie. Shirika likitaka kuzitumia kwa kutafuta wafadhili, liombe ruhusa peke yake, na mtu aweze kusema hapana bila kupoteza kitanda chake. Vivyo hivyo kwa upasuaji wenyewe. Bwana asimlazimishe muke wake juu ya haya mbele ya watu, na bibi wa nyumba asimzuie. Wako watu wanaosema: kovu hili nimeishi nalo miaka 15, watoto wangu wananijua hivi, sitaki kisu tena. Huyo hajashindwa. Ameamua.

Pesa iko wapi

Sheria n° 22/065 ya 26 Desemba 2022 inatambua haki ya réparation kwa wahanga wa jeuri za kingono za vita na wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Matunzo ya mwili na ya roho yamo mu haki hiyo. Mfuko wake, FONAREV, unapewa asilimia 11 ya redevance minière. Asome vizuri kila mchimbaji: asilimia 11 ya redevance, yaani jasho la migodi.

Pembeni yake kuna FRIVAO, yenye makao Kisangani, inayosimamia pesa za Uganda. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65, na 225 kati ya hizo ni kwa watu walioumizwa na waliouawa. Ituri ndiyo ile ambayo Korti ilisema Uganda ilikuwa imeikalia kijeshi.

Upande wa ICC tuna mifano ya kupima. Mu kesi ya Germain Katanga, juu ya Bogoro, Machi 2017 wahanga 297 walipewa kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Mu kesi ya Dominic Ongwen wa LRA, Februari 2024 majaji waliamuru zaidi ya euro milioni 52, pamoja na euro 750 za ishara kwa kila muhanga. Lakini kesi hiyo ni ya kambi nne za Uganda ya kaskazini. Septemba 2025 ICC ilisikiliza mashtaka dhidi ya Kony mwenyewe bila yeye kuwapo. Nayo ni ya Uganda ya kaskazini, miaka ya 2002 mpaka 2005. Watu wa Bangadi na Ngilima hawamo. Kwao imebaki sheria ya Kongo tu.

Tusidanganyane: dola 250 hazilipi mdomo. Haziwezi kumaliza safari, chakula na malazi kwa majuma matatu ya kushonwa, weka mbali mwaka wa kulitunza kovu. Franga mkononi ni neno la heshima. Matunzo ni kitu kingine, na kimoja kisichukue nafasi ya kingine.

Na creuseur aliyeumia shimoni? Mfanyakazi mwenye mkataba, mwajiri wake anapaswa kutangaza ajali kwa CNSS, na matunzo ya ajali ya kazi yamo mu bima. Creuseur hana mwajiri kwa karatasi. Yuko na PDG wa shimo, yuko na kooperative, yuko na Mungu. Code minier ya 2018 inamtaka awe mu kooperative. Basi kooperative nayo itiwe sharti la kuwa na kasha la ajali. Tena hapa wachimbaji tujiangalie. Dhahabu inayovuka ziwa ao Mahagi mfukoni mwa mtu hailipi kitu, si kwa jimbo, si kwa mfuko wa wahanga. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimerudia miaka mingi kwamba dhahabu ya Ituri inapita Uganda kwa magendo. Dhahabu ile ile ndiyo inayonunulia wanamgambo risasi. Tunaumizwa nayo mara mbili.

Barabara imefungwa

Zamani tulisema: peleka mgonjwa Goma, kwa HEAL Africa. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege umefungwa. Kwa njia ya nchi kavu, lazima upite Komanda, ambako Julai 2025 ADF waliua watu mu kanisa, kisha Beni. Upande wa Mahagi barabara ya 27 ina historia yake ya kuvamiwa. Kubaki Uganda: hospitali ya CoRSU, Kisubi, karibu na Entebbe, inajulikana kwa upasuaji wa namna hii. Lakini ni mpaka, ni pasipoti, ni dola. Tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège, jimbo linaongozwa na askari, na anayetembea na uso uliokatwa anaulizwa maswali kwa kila barrière.

Kwa hiyo kitu cha maana ni Bunia yenyewe. Tunaomba mambo manne, si makubwa. Kwanza, FONAREV ilipe matunzo ya makovu kwa mwaka mzima, si operesheni tu: sindano, silikoni, mazoezi, usafiri wa kurudi kila mwezi. Pili, munganga mmoja na wauguzi wawili wa Bunia watumwe kujifunza kazi hii, na warudi na mkataba wa kubaki, ili misioni za kutoka nje zikute mtu wa kupokea wagonjwa wake. Tatu, cheti cha munganga kwa muhanga kiwe cha bure, na kiandikwe mbele ya upasuaji. Ine, wa Bangadi na Ngilima waandikwe kwa orodha moja na wetu. Mwaka 2009 sote tulikuwa Province Orientale.

Kwa wewe unayesoma na kovu lako kwa uso: huna haraka. Uliza munganga maswali matatu. Kitarudi nini, kula, kusema, ao sura tu? Kovu jipya litapita wapi? Na nani ataniona mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili? Kama swali la tatu halina jibu, unaweza kungoja.